Nani alipie treni ya jimbo Marekani? Bajeti ya kawaida, mfuko maalumu, ruzuku ya serikali kuu au mchango wa majirani

Tangu Oktoba 2013, jimbo la Marekani linalotaka treni ya abiria ya masafa mafupi hulazimika kuilipia lenyewe. Msingi wa jambo hilo ni sheria ya mwaka 2008: njia ya Amtrak, kampuni ya taifa ya treni za abiria, isiyozidi maili 750 (takriban kilomita 1,200), iliyo nje ya reli kuu ya Boston, New York na Washington, inagharamiwa na majimbo inamopita. Treni ndefu zinazovuka nusu ya bara zimebaki chini ya serikali kuu. Ndiyo maana treni mbili zinaweza kuondoka kwenye stesheni moja mjini Chicago, zote zikiwa na nembo ya Amtrak, huku moja ikitegemea kura ya Bunge la taifa na nyingine ikitegemea kikao cha bajeti cha Springfield, Madison au Lansing, miji mikuu ya Illinois, Wisconsin na Michigan.

Treni hizi za majimbo zinabeba zaidi ya asilimia 40 ya abiria wote wa Amtrak. Hata hivyo, kila baada ya mwaka mmoja au miwili utasikia mojawapo inakaribia kusimamishwa. Ulinganisho huu nauandika kwa anayepaswa kusema neno pale jimbo linapoomba maoni: diwani wa mji wenye stesheni, mjumbe wa bodi ya usafiri, mkazi anayekwenda kwenye kikao cha bajeti. Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kabla ya kuuliza fedha ni kiasi gani, uliza zimeahidiwa kwa miaka mingapi. Jibu la swali hilo hueleza mengi kuhusu hatima ya treni kuliko idadi ya abiria.

Bili inavyotengenezwa

Amtrak hukokotoa gharama kwa kanuni moja kwa majimbo yote. Kuna gharama zinazoonekana: mishahara ya madereva na makondakta, mafuta, matengenezo ya mabehewa, na malipo kwa kampuni za mizigo kama Union Pacific, BNSF na CSX, ambazo ndizo zenye sehemu kubwa ya reli. Halafu kuna gharama za pamoja: mfumo wa tiketi, polisi wa reli, stesheni zinazotumiwa na treni nyingi, utawala. Hizo hugawanywa kwa fomula. Jumla ikipatikana, nauli hutolewa, na pengo linalobaki hupelekewa jimbo, pamoja na mchango wa kukarabati na kununua vifaa.

Gharama hizo za pamoja ndizo zinazoleta mvutano mwingi. Jimbo linaweza kupunguza safari likakuta sehemu yake ya utawala haikushuka kwa kiwango kilekile. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 iliagiza kanuni hiyo ipitiwe upya, na majimbo yanakaa na Amtrak kwenye kamati ya pamoja kuhusu mambo hayo.

Nauli nayo ina hatari yake. Abiria wakiongezeka, bili ya jimbo hupungua. Wakitoweka, hupanda ghafla. Ugonjwa wa Korona ulionyesha hilo waziwazi mwaka 2020, na Bunge la taifa likatenga dola milioni 239 ili majimbo yasisukumiwe pengo lote la nauli zilizopotea. Chanzo cha fedha utakachokichagua lazima kiweze kubeba mshtuko wa namna hiyo, kwa sababu msaada huo ulikuwa wa dharura na hauko kwenye sheria ya kudumu.

Bajeti ya kawaida ya jimbo

Hii ndiyo njia rahisi ya kuanzia. Haihitaji kodi mpya wala chombo kipya. Idara ya uchukuzi inaomba fungu, wabunge wanapiga kura. Hata hoja ya haki inayo: fedha za umma zinajadiliwa upya mbele ya wananchi, na treni inasimama kwenye foleni moja na shule na hospitali.

Tatizo ni kwamba mahitaji ya treni hayalingani na kalenda ya bunge. Mabehewa huagizwa miaka kadhaa kabla ya kufika. Makubaliano na kampuni ya mizigo ili kuongeza safari moja tu yanaweza kuchukua miaka. Abiria naye huamua apange nyumba wapi na achukue kazi gani kwa kuitegemea treni hiyo. Yote hayo yanawekwa juu ya kura yenye uhai wa miezi 12 au 24.

Tazama Indiana. Hoosier State ilikuwa treni ya Indianapolis hadi Chicago, maili 196, siku 4 kwa wiki. Siku 3 zilizobaki njia ilihudumiwa na Cardinal, treni ya masafa marefu. Safari ilichukua takriban saa 5, muda mrefu kuliko kuendesha gari. Jimbo lililipa takriban dola milioni 3 kwa mwaka, na miji ya njiani kama Lafayette na Crawfordsville iliwahi kuchangia. Kati ya 2015 na 2017 ilijaribiwa hata kampuni binafsi, nayo ikaondoka. Bajeti iliyopitishwa mwaka 2019 haikuwa na fungu la treni hiyo, na safari ya mwisho ilifanyika tarehe 30 Juni mwaka huo.

Waliotetea uamuzi huo walitaja abiria wachache, na kweli walikuwa wachache. Lakini treni ya polepole isiyotembea kila siku haiwezi kupata abiria wengi, na kuiharakisha kulihitaji uwekezaji kwenye reli. Nani angewekeza kwenye reli kwa ajili ya huduma ambayo haijulikani kama itakuwepo baada ya bajeti inayofuata? Bajeti fupi iliizuia treni kukua, kisha udogo wake ukatumiwa kuhalalisha kuifuta. Mtego huu nauona kuwa hatari kuu ya njia hii, na sijaona jimbo lililoukwepa kwa juhudi za matangazo peke yake.

Missouri ilionja kidogo. Januari 2022 safari za Missouri River Runner kati ya St. Louis na Kansas City zilipunguzwa kutoka mbili kwa siku hadi moja kwa sababu fungu halikutosha, zikarejeshwa Julai. Miezi sita inaonekana michache kwenye vitabu vya hesabu. Kwa abiria aliyezoea kwenda asubuhi na kurudi jioni, miezi hiyo inatosha kununua gari na kusahau stesheni iko wapi.

Mfano wa karibuni zaidi ni Heartland Flyer, inayounganisha Oklahoma City na Fort Worth tangu Juni 1999 kwa fedha za Oklahoma na Texas. Mwaka 2025 bunge la Texas halikutenga takriban dola milioni 7 zilizoombwa kwa miaka miwili. Treni ilikuwa imebakiza wiki chache isimame, ndipo baraza la usafiri la eneo la Dallas na Fort Worth lilipotoa dola milioni 3.5 za kuivusha mwaka mmoja. Ni jambo la kushukuru, lakini chombo cha mkoa kilibeba mzigo ambao jimbo lenye bajeti kubwa kiasi kile liliuacha.

Mfuko maalumu

Hapa sheria inasema sehemu fulani ya kodi fulani iende kwenye reli, kila mwaka, hadi sheria ibadilishwe. Wabunge bado wana nguvu ya kuifuta, ila sasa wanaotaka kuua treni ndio wanaolazimika kutunga muswada na kuutetea. Kwenye bajeti ya kawaida kukaa kimya kunatosha.

Virginia ndiyo ninayoipendekeza kusomwa kwa makini. Treni yake ya kwanza ya jimbo, ya kwenda Lynchburg, ilianza Oktoba 2009 kama majaribio, ikapata zaidi ya mara mbili ya abiria waliokadiriwa. Jimbo halikuishia kupongezana. Mwaka 2011 liliunda mfuko wa treni za abiria, na mwaka 2013 likauelekezea sehemu ya kodi ya mauzo. Norfolk ilipata treni Desemba 2012, Roanoke Oktoba 2017. Mwaka 2020 ikaundwa mamlaka kamili ya reli ya abiria.

Mfuko wenye uhakika uliliwezesha jimbo kufanya jambo ambalo bajeti ya miezi 12 haiwezi: kukaa mezani na CSX na kununua. Kwa dola milioni 525 Virginia ilipata zaidi ya maili 220 za njia za reli pamoja na ardhi kubwa ya pembeni yake. Sasa inajenga daraja jipya la njia mbili juu ya mto Potomac, kazi iliyozinduliwa Oktoba 2024 kwa gharama ya takriban dola bilioni 2.3, ili treni za abiria zisiendelee kusongamana na za mizigo kwenye daraja la zamani lililojengwa mwaka 1904. Kampuni ya mizigo haiuzi reli kwa mnunuzi asiyejua kama mwakani atakuwa na fedha, na serikali kuu nayo huona raha kuweka fedha zake pale ambapo mchango wa jimbo unajulikana.

California ilianza mapema zaidi. Mwaka 1990 wapiga kura waliidhinisha hati fungani za reli, zikiwemo za dola bilioni 1.99 katika kura moja, na uendeshaji ukawa unalipwa kutoka mfuko wa usafiri wa umma unaojazwa hasa na kodi ya mauzo ya dizeli. Treni ya Capitol Corridor ilianza Desemba 1991 na safari 3 za kwenda na kurudi kwa siku. Mwaka 1998 usimamizi wake ulikabidhiwa mamlaka ya pamoja ya maeneo inayopita, na kabla ya Korona safari za siku za kazi zilikuwa zimefika 15. Wanaosimamia ratiba wanaishi kando ya njia hiyo; treni ikichelewa wanaulizwa mtaani.

Lakini mfuko maalumu una udhaifu ambao watetezi wa treni hawapendi kuutaja. Unategemea kitu kinachotozwa kodi. California inafanya kila juhudi malori yake yaache dizeli, na dizeli ndiyo inayolipia treni. Chanzo kilichokuwa imara mwaka 1990 hakitakuwa hivyo milele, na jimbo linalochagua njia hii leo lisifunge hatima ya reli kwenye mafuta peke yake. Kodi ya mauzo kwa jumla, kama Virginia, ni pana zaidi.

Katiba nazo hufunga mikono. Jimbo la Washington lina marekebisho ya katiba ya mwaka 1944 yanayozuia kodi ya petroli kutumika nje ya barabara. Michigan inaruhusu sehemu ndogo tu ya kodi za usafiri, isiyozidi asilimia 10, iende kwingine. Oregon, inayobanwa vivyo hivyo, hutumia ada za namba za magari za kuchagua mwenyewe kulipia sehemu ya huduma ya Cascades, treni inayogawana na jimbo la Washington. Chanzo hicho ni kidogo na wengine hukidharau, ila ni cha kudumu. Kabla ya kupendekeza kodi yoyote kwenye kikao, soma kwanza katiba ya jimbo lako inaruhusu nini. Mapendekezo mengi mazuri hufa kwenye kipengele hicho.

Ruzuku ya serikali kuu

Maine imeonyesha kwamba njia hii inaweza kudumu. Mamlaka yake ya reli iliundwa mwaka 1995, na treni ya Downeaster, kati ya Portland na Boston, ilianza Desemba 2001 kisha ikafika Brunswick mwaka 2012. Sehemu kubwa ya ruzuku yake ya uendeshaji imetoka kwenye programu ya taifa ya kupunguza msongamano na uchafuzi wa hewa. Kwa kawaida programu hiyo hulipia uendeshaji wa huduma mpya kwa miaka michache tu. Wabunge wa Maine walipigania ruhusa ya kuendelea, wakaipata. Jimbo lisilo na wanasiasa wenye uzito wa namna hiyo mjini Washington lisijenge mpango wake juu ya mfano huu.

Sheria ya 2021 ilipanua ruzuku nyingine kwa ajili ya kuanzisha au kurejesha treni: serikali kuu hubeba hadi asilimia 90 ya pengo la mwaka wa kwanza, kisha sehemu yake hushuka kila mwaka hadi mwaka wa sita. Treni mpya ya New Orleans hadi Mobile ilianza tarehe 18 Agosti 2025 kwa msaada huo. Pwani hiyo ilikuwa imekosa treni ya abiria tangu kimbunga Katrina, Agosti 2005. Louisiana na Mississippi zinachangia, na upande wa Alabama Jiji la Mobile liliidhinisha takriban dola milioni 3 kwa miaka 3. Nimefurahi kuona miji ya njiani kama Gulfport na Biloxi ikipata treni tena. Wasiwasi wangu ni kwamba ahadi ya Mobile itaisha huku fungu la serikali kuu likiendelea kupungua, na bili ya wote itapanda wakati mmoja.

Fedha za serikali kuu zimewahi hata kukataliwa kwa hofu ya bili hiyo ya baadaye. Mwaka 2010 gavana mteule wa Wisconsin, Scott Walker, alipinga mradi wa Milwaukee hadi Madison uliokuwa umepewa dola milioni 810 za ujenzi, akisema walipa kodi wa jimbo wasibebeshwe gharama za uendeshaji. John Kasich wa Ohio alikataa milioni 400. Fedha zikagawiwa majimbo mengine. Treni mbili za kampuni ya Talgo ya Hispania ambazo Wisconsin ilikuwa imeziagiza ziliundwa pale Milwaukee na hazikubeba abiria wa jimbo hilo hata mmoja. Miaka baadaye zilinunuliwa na jimbo la Lagos, Nigeria, kwa ajili ya reli yake ya mjini. Hofu ya Walker juu ya gharama za kila mwaka haikuwa ya kubuni. Kosa lilikuwa kuichukulia kama sababu ya kukataa, wakati palikuwa na nafasi ya kutafuta chanzo cha kuzilipa.

Mchango wa majirani

Treni haisimami mpakani, kwa hiyo majimbo hugawana. Kwa miaka mingi Wisconsin imelipa robo tatu ya gharama za treni ya Hiawatha, kati ya Milwaukee na Chicago, na Illinois robo. Treni mpya ya Borealis iliongeza Minnesota kwenye makubaliano Mei 2024, na ndani ya miezi sita ilikuwa imevuka abiria 100,000.

Mgao ukikubaliwa kwa maandishi, njia hii hupunguza mzigo wa kila mmoja. Hatari yake ni kwamba treni inakuwa na nguvu ya mwanachama aliye dhaifu kuliko wote, kama Oklahoma ilivyoona Texas ilipokaa kimya. Na kuna asiyelipa kabisa: Downeaster ina vituo vitatu New Hampshire, Exeter, Durham na Dover, na jimbo hilo halichangii uendeshaji. Maine ingeweza kugoma. Imeamua kubeba, kwa kuwa bila reli inayopita New Hampshire haifiki Boston.

Kukodi vifaa au kumiliki

Swali hili huachwa hadi mwisho kwenye vikao, ingawa linagusa uchaguzi wote wa juu. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Machi 2025 Amtrak iliondoa mabehewa ya aina ya Horizon baada ya kukuta kutu kwenye miundo yake, na Cascades, iliyokuwa ikiyategemea, ikapoteza safari nyingi kwa ghafla huku abiria wakihamishiwa kwenye mabasi.

North Carolina ilichagua tofauti. Piedmont, kati ya Raleigh na Charlotte, ilianza mwaka 1995 kwa mabehewa na vichwa vya treni vya jimbo lenyewe, yakikarabatiwa na kutunzwa Raleigh. Mwaka 1998 jimbo likanunua hisa zote za watu binafsi katika kampuni inayomiliki maili 317 za reli ambayo treni hiyo huipitia. Michigan ilinunua maili 135 kati ya Kalamazoo na Dearborn mwaka 2012 kwa dola milioni 140, na sasa treni hukimbia hadi maili 110 kwa saa katika sehemu za njia hiyo. Kumiliki kuna gharama zake, kwani karakana na mafundi hawasubiri bajeti. Jimbo lenye bajeti ya mwaka mmoja na hakuna zaidi lisiguse.

Nani achague nini

Jimbo lenye miji mikubwa inayokaribiana na abiria tayari wapo, lichukue mfuko maalumu wenye msingi mpana, likiutenganisha na mafuta, na liunde mamlaka yenye bodi ya watu wa njia hiyo. Likishapata miaka mitano ya fedha za uhakika, lianze kununua reli na vifaa.

Jimbo lenye treni moja inayovuka mpaka lisikubali mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Liombe mgao wa miaka mingi wenye kipengele cha nini kitatokea jirani akijitoa, pamoja na akiba ya kuendesha angalau miezi 12 bila yeye.

Kwa jimbo linaloanza kutoka sifuri, ruzuku ya serikali kuu inafaa na ningeipokea. Lakini sheria ya 2021 inafika kikomo tarehe 30 Septemba 2026, na masharti ya itakayofuata yanategemea Bunge. Kwa hiyo chanzo cha jimbo, hata kidogo kama ada ya namba za magari au kodi ya magari ya kukodi, kianze kukusanya mwaka uleule ruzuku inapoanza, fedha zikae akiba wakati serikali kuu inalipa sehemu kubwa. Ratiba ya mgao wa kila mwaka iandikwe ndani ya mkataba, na mfuko utakaolipa mwaka wa saba utajwe kwa jina, kabla tiketi ya kwanza haijauzwa.